Vidonge vya sukari vimegoma na wewe si mnene? Soma hii kabla hujaambiwa unakula halua kwa siri

Mie ni fundi wa friji na AC, kibanda changu kiko Majengo, Mombasa, si daktari, hilo niliweke wazi mwanzo kabisa. Lakini nina sukari mwaka wa nne sai, na miaka miwili ya kwanza nilitibiwa sukari ambayo si yangu, yaani sukari ilikuwa sukari kweli ila si ile waliyoniandikia kwenye kadi, yangu yaitwa LADA, ntaieleza hapa chini. Tangu hapo kila nikikutana na mtu mwembamba analalamika vidonge havimshiki, namkalisha chini namwambia haya haya ntakayokwambia hapa. Nimeyapanga kwa hatua sababu watu huniuliza "sasa naanzia wapi", lakini usishangae nikipotea njia kidogo.

Kwanza jua ni sukari gani hii

Wengi twajua sukari mbili. Kuna ile ya watoto, aina ya kwanza, mtoto akonda wiki chache, aanguka, akipelekwa hospitali aanza kudungwa insulini na ni maisha. Halafu kuna ile ya watu wazima, aina ya pili, ya kitambi na presha na "hata marehemu baba alikuwa nayo", hiyo hutulizwa na vidonge na kupunguza chakula. Sasa kuna nyingine imekaa katikati, wengine huiita moja na nusu. Madaktari wanaijua kwa herufi nne, LADA, na ukienda hospitali itaje hivyo hivyo wataelewa. Jina hilo lilianza kutumika miaka ya 1990, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipa fungu lake, likaiita sukari ya kinga ya mwili iendayo polepole kwa watu wazima. Jina refu lakini lasema kila kitu.

Mambo yenyewe ni haya. Nyuma ya tumbo kuna kongosho, na ndani ya kongosho kuna seli zinazotengeneza insulini, na insulini ndio inayoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu iingie kwenye mwili ikawe nguvu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, inazigeukia hizo seli na kuanza kuzivunja. Ni kama askari wa kaunti anayekuja kuvunja vibanda barabarani akafika kwa cha mamake mzazi na asikitambue. Kwa mtoto kazi hiyo yaenda mbio, wiki au miezi. Kwa mtu mzima yaweza kuchukua miaka, leo kibanda kimoja, mwezi ujao viwili, na wewe waendelea na shughuli zako hujui kitu.

Ndio maana inadanganya. Mwanzo kongosho bado lina insulini kiasi, kwa hivyo ukipewa vidonge sukari yashuka kweli na kila mtu afurahi. Halafu polepole insulini yaisha na vidonge havina tena kitu cha kusaidia. Kwa kawaida wataalamu huiita LADA kama mtu ana zaidi ya miaka 30, damu yake ina alama za kinga kujishambulia, na miezi 6 ya kwanza tangu agundulike hakuhitaji insulini. Si ugonjwa wa mtu mmoja mmoja pia, huko Ulaya walikopima sana wamekuta kati ya watu 2 na 12 katika kila watu wazima 100 wenye sukari wana hii.

Hatua ya kwanza: jiangalie bila kujionea haya

Mie nilikuwa na miaka 38. Nilikonda hadi suruali nafunga na kamba, usiku naamka kukojoa mara nne mara tano, kiu haiishi, na kule chooni sisimizi wamejipanga mstari kama wanangoja feri ya Likoni. Nikapimwa, sukari 14, nikapewa vidonge vya metformini na glibenklamidi. Miezi minane mambo poa kabisa. Halafu ikaanza, 11, 13, 17, wakaongeza dozi, ikashuka wiki mbili ikarudi. Kila nikienda kliniki muuguzi ananiangalia kwa jicho la pembeni, "baba, hebu sema ukweli, wali wapunguza au la?" Mke wangu akaanza kuhesabu mahamri kwenye sahani. Mtaani nako wakaanza yao, maana mtu akikonda Mombasa ugonjwa anapewa na majirani kabla ya daktari, na wewe wajua ni upi. Nikienda kazini nikikaa kidogo nachoka, kupandisha kompresa ghorofani nahisi kama nabeba meli.

Sikuwa nakula halua. Nimeyasema hayo yote sababu najua kuna mtu asoma sai na anajiona mkosaji. Kama vidonge wameza sawasawa, chakula umepunguza, na sukari bado yapanda, usianze kwa kujilaumu, swali lipelekwe kwenye damu.

Dalili za kutilia shaka ni hizi. Ulikuwa chini ya miaka 50 sukari ilipoanza. Si mnene, na hapa usikisie, chukua kilo zako gawanya kwa urefu wako wa mita, ile jibu gawanya tena kwa urefu, ikiwa chini ya 25 wewe si mnene. Mie nilikuwa kilo 61 na mita 1.74, ikatoka 20. Sukari ilianza kwa kishindo, yaani kiu na mikojo na kukonda, haikugundulika tu kwa bahati ukienda kupimwa kitu kingine. Au una ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, kama shida ya tezi la shingo au zile baka nyeupe za ngozi, au kuna mtu wa damu yako anao. Ukiwa na mbili au zaidi katika hizo, una sababu ya kutosha ya kuomba kipimo. Lakini mnene pia asijitoe, wapo wanene wenye hii, ndio hao hukaa muda mrefu zaidi bila kujulikana.

Na ukikonda hivyo omba wakupime TB pia, sukari ikiwa juu TB hukupata rahisi, hilo si la kuoneana aibu.

Hatua ya pili: hakikisha namba zako ni za kweli

Kwa kipimo chetu hapa, milimoli kwa lita, sukari ya asubuhi hujala kitu masaa 8 ikiwa 7.0 kwenda juu, au ya saa yoyote ikiwa 11.1 kwenda juu na una zile dalili, au sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, ikiwa asilimia 6.5 kwenda juu, hiyo ni sukari. Angalia mashine yako yasoma kwa kipimo gani maana kuna jamaa alinipigia usiku analia mashine imeandika 126, kumbe mtoto wake amemletea mashine ya Marekani, isomayo kwa miligramu. Hizo namba kubwa gawanya kwa 18 upate zetu. Ya kwake ilikuwa 7, akalala.

Na hapa Pwani kuna jambo lazima ulijue. Kama una ugonjwa wa selimundu, ile sickle cell, au umepungukiwa damu, ile HbA1c yaweza kukudanganya, maana yenyewe hupima sukari iliyogandamana na chembe nyekundu za damu, na chembe zako kama zafa mapema au si za kawaida jibu haliwi sawa. Mwambie daktari mapema ili aangalie zaidi namba za mashine ya kutoboa kidole.

Hatua ya tatu: omba vipimo viwili, uvitaje kwa jina

Usiende ukasema "naomba mniangalie vizuri". Utaandikiwa vile vile vya kila siku. Sema hivi: "Daktari, nina wasiwasi hii ni LADA, naomba antibodi za GAD na C-peptidi." Wengine watashtuka, wengine watakuuliza umesoma wapi, we tabasamu tu na uwaoneshe daftari lako la sukari. Daftari lina nguvu kuliko mdomo. Wiki mbili za kuandika asubuhi na masaa mawili baada ya kula, na dawa ulizomeza, hakuna atakayekwambia unakula kwa siri tena.

GAD ndio ile alama ya kinga kushambulia kongosho, na ndio hupatikana zaidi kwa watu wazima. Zipo nyingine, IA-2 na ZnT8, lakini kama mfuko ni mmoja anza na GAD. Ikiwa haipo na bado shaka iko, hapo ndo wapima hizo nyingine.

C-peptidi yataka maelezo kidogo. Kongosho likitengeneza insulini, kwanza hutoka kitu kimoja kirefu, halafu chakatwa, kipande kimoja kinakuwa insulini na kingine kinakuwa C-peptidi, moja kwa moja, sawa kwa sawa. Fikiria nazi na makumbi. Ukitaka kujua nyumba fulani imefua nazi ngapi leo huhitaji kuingia jikoni, nenda uani hesabu makumbi. Na hata kama jirani amewaletea nazi zilizofuliwa tayari sokoni Kongowea, hizo hazina makumbi, hazikuchanganyi hesabu. Insulini ya sindano ni hizo nazi za sokoni. Kwa hivyo hata mtu aliyeanza kudunga bado C-peptidi yaonesha kongosho lake mwenyewe lafanya kazi kiasi gani.

Bei zapishana sana, piga simu labu mbili tatu za mjini kabla hujatoka nyumbani, na uliza sampuli yapimwa hapa au yapelekwa Nairobi, yangu ya GAD ilisafiri na majibu yakachukua siku. Uliza pia waenda umekula au hujala. Mie mara ya kwanza nilirudishwa sababu nilikuwa nishashushia chai na mahamri mawili na mbaazi, nauli ya tuktuk ikaenda bure. Na waambie wapime sukari wakati huo huo na C-peptidi, maana moja bila nyingine haisomeki vizuri.

Hatua ya nne: kuyasoma majibu

GAD ikiwa haipo na hizo nyingine hazipo, pengine ni ile ya kawaida, rudi kwa mpango wa vidonge na daktari wako. GAD ikiwa ipo, sasa ndo C-peptidi inaamua. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa wakaafikiana, mwongozo ukatoka 2020, wakagawa mafungu matatu. Chini ya 0.3, kongosho limekwisha, ni insulini kama sukari ya aina ya kwanza. Kati ya 0.3 na 0.7, eneo la ukungu, watibiwa kwa uangalifu na wapima tena baada ya miezi 6 hivi. Juu ya 0.7, bado una akiba, waweza kwenda na vidonge kiasi lakini ukifuatwa kwa karibu. Hapo nasema nanomoli kwa lita, labu nyingine huandika kwa kipimo kingine kwa hivyo usijisomee peke yako ukaanza kulia kwenye matatu.

Yangu ilikuwa 0.24.

Ajabu ni kwamba nilifurahi. Si ati nilipenda sindano, ni kwamba mke wangu aliisoma ile karatasi, akanyamaza, halafu jioni akaniwekea mahamri bila kuyahesabu.

Hatua ya tano: dawa, zipi na zipi la

Hili ndilo la kuongea na daktari, usibadili mwenyewe. Lakini ingia ukijua. Glibenklamidi na ndugu zake hufanya kazi kwa kulikamua kongosho litoe insulini zaidi. Sasa kongosho linalovunjwa halafu walikamua tena, wataalamu wanaona yaweza kuharakisha kuisha kwake, kwa hivyo kwa LADA huambiwa ziepukwe. Metformini haina shida hiyo, wengine huendelea nayo, ila ukiimeza miaka mingi pimwa vitamini B12 maana yaweza kuipunguza, na miguu kufa ganzi si lazima iwe sukari tu, yaweza kuwa ni hiyo B12.

Kuna vidonge vipya ambavyo hukojolesha sukari, kwenye boksi jina huishia na gliflozin. Kwa mtu ambaye insulini yake imekwisha hivyo ni hatari, damu yaweza kujaa asidi huku mashine ya kidole yaonesha sukari si ya kutisha, wajiona mzima kumbe wazama.

Insulini ikifika wakati wake usiikimbie. Watu Mombasa wanaogopa sindano kama wameambiwa wanazikwa kesho. Yangu ilianza dozi ndogo ya usiku, kisindano chenyewe chembamba, kinauma chini ya mbu. Wadunga tumboni au pajani, wabadilisha mahali, ukidunga pale pale kila siku panavimba na dawa hainyonyeki sawa. Sindano zilizotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, si kwenye taka na watoto wa mtaa wanachokora.

Na habari ya habat soda, uwatu, mwarobaini, karela. Kunywa chai yako ya uwatu kama waipenda ila mwambie daktari. Lakini mtu yeyote atakayekwambia uache insulini unywe dawa yake, awe na ndevu nyeupe namna gani, huyo akupeleka kaburini. Mwili usio na insulini yake hauwezi kuachishwa insulini hata siku mbili.

Hatua ya sita: insulini na joto letu

Hapa ndo nipo nyumbani, nitasema kama fundi. Insulini ambayo hujaifungua yakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Friji, si friza. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama maji ya chupa, itupe. Hizi friji ndogo za mlango mmoja zina kile kisanduku cha barafu juu, chini yake na kule nyuma kwenye bati ndipo penye baridi ya kugandisha, usiiweke hapo, weka rafu ya katikati au mlangoni, ndani ya kikopo chenye kifuniko. Nunua kipimajoto, kitie kwenye glasi ya maji ndani ya friji, kiache usiku, asubuhi soma. Nimekuta friji za watu zina nyuzi 14 na mwenyewe ana raha sababu soda ni baridi.

Stima ikipotea usifungue fungue, friji iliyofungwa vizuri hukaa na ubaridi masaa kadhaa.

Ile chupa unayotumia, nyingi hukaa nje ya friji wiki 4 mradi joto lisipite 30, soma karatasi yake. Sasa Mombasa Februari na Machi chumba cha bati hupita 30 saa nne asubuhi. Watu hupendekeza mtungi, chungu kikubwa, mchanga wenye maji, chungu kidogo ndani. Ni kitu kizuri na kimesaidia wengi, lakini chafanya kazi kwa maji kukauka, na hewa yetu ya baharini tayari imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, kwa hivyo hapa mtungi hautapoza kama utakavyopoza Garissa. Bora kuliko dirishani, ndio, lakini kama jirani ana friji nzuri omba sehemu ya kikopo chako. Na usiiache kwenye gari au ndani ya kiti cha bodaboda, hata dakika ishirini juani.

Hatua ya saba: hatari mbili za kuwafundisha watu wa nyumbani

Sukari ya chini, chini ya 4. Jasho baridi, mikono inatetemeka, njaa ya ghafla, hasira bila sababu, kuongea kama mlevi. Dawa yake ni sukari ya haraka, vijiko vidogo vya chai vitatu vinne vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, ngoja dakika 15, pima tena, ikiwa bado rudia, halafu kula kitu. Akizimia msimtie kitu mdomoni, hospitali. Mie natembea na pipi mfukoni, vijana wa kibandani wanajua ni za dawa ila huziiba.

Ya pili ni asidi kwenye damu. Sukari juu, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka kwa kina, mdomo wanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Usingoje asubuhi, usingoje mtu wa kukusindikiza, enda dharura pale Hospitali Kuu ya Pwani, au yoyote iliyo karibu, useme mlangoni "nina sukari natapika". Na ukiumwa na homa hata kama huli, usiache insulini, homa huipandisha sukari.

Chakula sitakaa sana. Hakuna kilichoharamishwa, kuna kiasi. Wali wa nazi, viazi karai, muhogo, boflo, hesabu kwa kiganja na uzoee kiasi kile kile ili dozi iwe na maana. Samaki wa kupaka na mchicha havina shida. Asali ni sukari, tende ni sukari, madafu yana sukari, juisi ya miwa ndio usiniulize.

Ramadhani

Swali naulizwa kila Shaabani. Mtu wa insulini yuko kwenye hatari kubwa akifunga, kwa hivyo ongea na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, na sheikh wako pia. Kupima kidole hakufunguzi saumu. Ukifunga na sukari ikashuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6, fungua hapo hapo, hata kama adhana imebaki robo saa.

Mie mwaka wa kwanza nilijaribu siku tatu, ya tatu nikashuka hadi 2.9 nikiwa juu ya ngazi Tudor na kompresa mkononi. Daktari akakataa na sheikh akakubaliana naye, sasa natoa fidia, kila siku maskini mmoja. Magharibi bado nakaa na watu wa nyumbani kwenye jamvi, napima, nadunga, na kaimati zangu mbili ziko kwenye kisahani chao.